Unyoya wa Mtetea na Somo la Kazi za Mikono

Wako wenzetu wanaodhani kwamba kazi ya mikono imekwisha kufundishwa pindi mwalimu amalizapo kuichora ubaoni. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Twaandika haya ili wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha wasilirudie kosa letu.

Tulikuwa Mitole, bara ya Kilwa Kivinje, nasi tukatoa somo la mfano kwa watoto wa darasa la sita mbele ya wanachuo wetu: kutengeneza mdudu wa unyoya na kuvulia perege katika dimbwi. Maandalio ya somo yalikuwa kamili. Ubaoni tulichora ndoana, tukaonyesha kitundu chake, shina na pindo. Tukaeleza kwamba ufundi huu ni wa kale sana, kwani Aelian, mwandishi aliyeishi Roma yapata miaka 1,800 iliyopita, alisimulia jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwahadaa samaki. Kasoro ilikuwa moja: hatukuwa tumepata kumtumbukiza mdudu wetu majini hata mara moja.

Kazi yenyewe si ngumu. Ndoana ndogo hubanwa katika kijiti kilichopasuliwa ncha, kikakazwa kwa kamba. Uzi wa kushonea uliopakwa nta ya nyuki huviringwa kutoka nyuma ya kitundu hadi karibu na pindo. Hapo hufungwa uzi wa sufu wa rangi ya udongo, nao huzungushwa kurudi mbele ili uwe kiwiliwili. Kiwe chembamba, watoto hupenda kukinenepesha. Mwisho, unyoya mdogo wa shingoni hufungwa nyuma ya kitundu na kuzungushwa mara mbili au tatu tu, kisha uzi hukazwa kwa mafundo.

Tuliagiza unyoya wa jogoo, kwa kuwa kitabu kilisema hivyo na kwa kuwa unang'aa. Kumbe unyoya huo ni mgumu, na hukawia kulowa. Wadudu wetu wote wakaelea juu ya maji kama maganda ya njugu, na samaki hawakusogea. Tukaanza kuwaeleza watoto kwamba saa haikuwa nzuri. (Ndivyo walimu tulivyo.) Msichana mmoja, bila kuomba ruhusa, akamfungua mdudu wake, akaokota unyoya wa mtetea uani kwa jirani, akafunga upya. Unyoya ule laini ulilowa mara moja. Akauacha uzame huku akihesabu hadi tano, kisha akauvuta mshipi kidogo kidogo. Kila alipovuta, unyoya ulijifumba na kujifumbua kama miguu ya mdudu aogeleaye. Perege mwenye urefu wa kiganja akanasa.

Baadhi ya wanachuo waliandika katika taarifa zao kwamba wakati huo nidhamu ya darasa ilivunjika. Kwa maoni yetu, huo ndio muda pekee wa kipindi kile ambao mtu alijifunza jambo, nasi tukiwamo.

Wala jambo lenyewe si mchezo. Kiangazi madimbwi yanapopungua, watoto huvutwa na njia mbili za mkato: chandarua na utupa. Chandarua humwingiza mtoto majini, na majini mna kichocho. Tena katika mito kama Matandu mna mamba. Utupa huua mkubwa na mdogo pamoja, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu. Mwenye ufito husimama ukingoni, na hana budi kumjua samaki amtakaye. Kwa nini perege jike hukataa chambo siku fulani? Kwa sababu hutamia mayai kinywani mwake. Kwa nini wakubwa hawamjali sana mdudu wetu? Kwa sababu chakula chao kikubwa ni mwani. Hapo mwalimu ameingia katika sayansi bila kubadili kipindi. Wasiofikia urefu wa kiganja warudishwe majini.

Tumezoea kuitaja Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kana kwamba maana yake ilikuwa bustani ya shule na jembe tu. Tena jembe lenyewe mara nyingi lilikuwa adhabu.

Muhula ujao kila mwanachuo wetu atafunga wadudu wawili, wa jogoo na wa mtetea, na kuwajaribu majini kabla ya kuandika maandalio yake. Dimbwi lichaguliwe kwa shauri la wazee wa kijiji. Kijino cha ndani cha kila ndoana kibanwe kwa koleo, ili ikimchoma mtoto itoke bila kupasua. Na ndoana zihesabiwe kabla ya kutoka darasani, na tena kabla ya kuondoka ukingoni.