Mapambo ya Shamba Yasiishie Jaani

Neno vuli lina visa vyake. Kwetu Pwani vuli ni zile mvua za kati ya Oktoba na Desemba, wakati majani yanapochipuka na mchicha unapojaa sokoni. Wafasiri wetu wamelichukua neno hilo hilo wakaliita msimu ambao huko Ulaya na Marekani majani hugeuka manjano na mekundu kisha yakapukutika. Watu wa huko hupamba milango yao kwa mabua ya mahindi, matawi makavu na maboga, na siku zikipita vyote hurundikwa jaani. Maboga mengi hata hayaliwi. Huchongwa nyuso za kutisha kwa ajili ya usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba, kisha yakaachwa yaoze. Na mwenye kupenda boga la nazi atajua ni hasara ya namna gani.

Msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwani miezi hiyo hiyo ndiyo ya mavuno huko Kitale na Bungoma, ambako wengi wetu tuna jamaa. Tangu misafara ya waungwana wa Pwani ilipokuwa ikipumzika Mumias katika karne ya 19, damu yetu imechanganyika na ya watu wa huko, na hadi leo mabibi harusi huchukuliwa kutoka huku kwenda kule na kutoka kule kuja huku. Mahindi yakishaingia ghalani, watu huoza. Na tao la harusi ya bara hujengwa kwa kilichopo: migomba miwili mlangoni, mabua yaliyofungwa matita, magunzi yaliyotungwa, na maua ya uani.

Pambo la namna hii nalisifu. Ni rahisi, ni zuri, na limetoka katika ardhi ya mwenye shughuli. Ila tao hilo hujengwa kwa nusu siku na huishi siku moja. Kesho yake hubomolewa na watu waliochoka, wenye haraka ya kurudi makwao, na mara nyingi huwashwa moto hapo hapo. Nami nasema kwamba faida ya pambo baada ya sherehe huamuliwa siku ya kulifunga, wala si siku ya kulibomoa.

Tuchukue bua. Bua kavu ni chakula cha ng'ombe. Likikatwakatwa vipande vidogo na kunyunyiziwa molasi, ule uji mweusi unaobaki viwandani baada ya kutengeneza sukari, mnyama hulila vizuri wakati wa kiangazi majani yanapoadimika. Lakini lile lililofungwa kwa waya ni mtego. Ng'ombe hatafuni kwa kuchagua. Humeza kwanza, akacheua baadaye. Kipande cha waya hutua tumboni, karibu na moyo, na kinaweza kutoboa hadi huko. Utepe wa nailoni nao hujikunja humo tumboni ukaziba njia. Ndugu zetu wa Lamu hawahitaji kuelezwa habari hizi, kwani wanajua punda anayezurura jaani anavyokufa kwa kumeza mifuko. Kumbe kamba ya mgomba ipo, bure, pale pale shambani. Likilowekwa maji kwa muda, gome kavu la mgomba huwa laini na hufunga barabara, na ng'ombe akilimeza halimdhuru.

Sasa nije Kipsongo. Kipsongo ni mtaa wa wanyonge katika mji wa Kitale. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana, ambao wao au wazazi wao waliingia mjini kwa nyakati mbalimbali wakikimbia ukame na mashambulio ya wezi wa mifugo. Baadhi ya vibanda vyake vimefunikwa kwa matambara na nailoni, na wengi hutafuta riziki kwa kuokota vyuma chakavu, chupa na chochote kinachouzika. Katika mtaa kama huo hakuna kitu kinachoitwa takataka moja kwa moja. Gunzi la mahindi ni kuni. Bua ni kuni pia, au ni kizuizi cha upepo. Boga lililokaa mlangoni siku mbili bado ni chakula cha jioni, na mbegu zake zikikaangwa ni kitafunio.

Wapo wanaoandika juu ya mitaa ya namna hii kama kwamba kuokota ni hekima ya kuigwa. Mimi simo. Mama anayetafuta kuni za kuchemshia uji hafanyi hivyo kwa kupenda mazingira. Anafanya kwa kukosa. Kwa hiyo sisemi tujifunze kwa Kipsongo. Nasema mwenye harusi mjini Kitale ajue kwamba mapambo yake yatafika huko, apende asipende, na kwamba yeye ndiye atakayeamua yafike yakiwa kuni safi au yakiwa sumu. Gunzi lililopuliziwa rangi ya dhahabu bado litawashwa, na utepe wake wa plastiki utaungua nalo, ndani ya kibanda kidogo kisicho na dirisha, na watoto wamelala humo. Hapo uzuri wa picha za harusi umelipwa na vifua vya watu wasioalikwa.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mitaro yetu imepata nafuu. Lakini sheria hiyo ilihusu mifuko. Tepe, maputo na karatasi za kung'aa zimebaki kwa dhamiri ya mwenye shughuli. Ama yale maua ya plastiki ya kukodi, yanayotoka harusi hii kwenda ile mwaka baada ya mwaka, sina ugomvi nayo mkubwa. Yangalau yanarudi kwa mwenyewe.

Yapo pia mambo ya shamba ambayo wapambaji wa mjini hawayajui. Mabua yasihifadhiwe yakiwa mazima hadi mvua za masika, kwani viwavi wanaotoboa mahindi hulala humo kiangazi kizima wakingojea mimea mipya. Yalishwe, yachomwe jikoni, au yakatwe na kuozeshwa pamoja na samadi na majani mabichi, yakigeuzwa kila baada ya muda, ili yawe mbolea kabla ya kupanda. Na mgomba usikatwe popote tu. Ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na magharibi mwa Kenya mwaka 2006, husafiri na mgomba wenyewe na panga lililoukata. Ukipakia migomba ya shamba lenye ugonjwa ukaipeleka kupamba kijiji kingine, umewapelekea wenyeji njaa. Mgomba wa tao utoke shamba la jirani lenye afya, na ukishatumika ukatwe vipande alishwe ng'ombe wa hapo hapo.

Na sisi wa Pwani tusijitoe. Israfu haichagui bara wala pwani. Makuti mabichi ya mapambo yakisukwa kesho yake huwa makuti ya kumba au mapakacha. Yakiachwa wiki moja juani hukakamaa, na hapo hubaki chelewa za fagio na upongoo wa kuni. Zamani bibi zetu hawakuutupa mkadi wa harusi. Uliingia sandukuni katikati ya kanga. Waridi na mrihani vikianikwa kivulini navyo hufaa kazi hiyo. Siku hizi asumini hutungwa kwa uzi wa nailoni, nao ukitupwa hubaki mchangani miaka mingi baada ya ua kuoza. Uzi wa pamba haujaadimika madukani, na bei yake haimshindi mtu aliyemudu kuchinja mbuzi wanne.