"MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI": BUNGE GANI LILIPITISHA?



Maneno hayo mnayajua. Yamebandikwa ukutani katika maduka mengi ya mjini Tabora, na mengine yamepigwa chapa chini ya risiti. Tunayasoma, tunanyamaza, tunalipa. Taa ya sola ikizima siku ya tatu tunasema "bahati mbaya", tunaitupa uvunguni, halafu tunauza debe la mahindi tukanunue nyingine ya namna ile ile. Hivi jamani, bunge gani lilipitisha sheria hiyo? Hakuna. Ni maneno ya mwenye duka, kayaandika mwenyewe kwa faida yake mwenyewe.

Sheria ya nchi inasema mengine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ipo tangu mwaka 1931, enzi za mkoloni. Kwa kifupi, anayefanya biashara ya kitu fulani lazima auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Taa iwake, pasi ipate moto, redio isikike. Isipokuwa hivyo, mnunuzi anayo haki ya kukikataa na kudai hela yake. Ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ikamlinda zaidi anayenunua kwa matumizi ya nyumbani: muuzaji hawezi kujivua wajibu huo kwa kubandika karatasi ukutani.

Wako watakaosema: "Lakini bwana, uliinunua rahisi, ulitegemea nini?" Jibu ni hili. Aliyelipa kidogo ametegemea taa ndogo, yenye mwanga mdogo. Hakutegemea taa isiyowaka. Mwenye duka aliipokea hela nzima, hakupokea hela mbovu.

Sasa tuseme ukweli kwa nini wanatushinda. Si kwamba hatuna haki. Ni nauli! Taa ya elfu kumi na tano, kwenda mjini na kurudi unamaliza karibu hela hiyo hiyo, na siku ya kazi shambani imepotea. Ukifika unaambiwa "bosi hayupo, njoo kesho". Mwenye duka anaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Anajua mtu wa kijijini akishapanda basi ndiyo basi tena. Faida yake imekaa hapo, katika umbali wetu na katika upweke wetu.

Lakini wazee wetu wa njia hii hawakuchezewa hivyo. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kuja bara, kabla ya kufika Kwihara hapa jirani na mjini, ilimbidi kwanza aulize nchi ipi inapokea ushanga gani. Akaambiwa Wanyamwezi wanataka mwekundu. Mweusi ulipokelewa Ugogo, kwingine ulikataliwa. Mfanyabiashara aliyekuja na ushanga usiotakiwa alibaki na mizigo yake, na wapagazi wanamdai posho. Ni kweli, wale walikataa wasichokipenda, na sisi tunazungumzia kitu kibovu. Lakini nguvu ilikuwa moja: hakukataa mtu mmoja, ilikataa nchi nzima, na tajiri wa pwani akabadili mzigo. Wala hakuna mpagazi aliyekwenda Bagamoyo peke yake. Walikwenda kwa msafara, mbele kirangozi.

Mwaka 1983 serikali ilipambana na walanguzi waliokuwa wakificha sabuni na sukari. Leo bidhaa hazifichwi, zimejaa mpaka barazani. Mlanguzi wa sasa hana haja ya kuficha kitu. Anakuuzia uchafu mchana kweupe, na wewe unamshukuru kwa kukupunguzia mia tano.

Kwa hiyo tunapendekeza haya, yajadiliwe katika mkutano ujao:

1. Kila mwanachama adai risiti. Ukiambiwa "bila risiti nakupunguzia", jua umeuziwa kimya chako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kijaribu kitu palepale dukani. Kasoro uliyoionyeshwa, au uliyokikagua kitu ukapaswa kuiona, huwezi kuidai baadaye.

3. Kikiharibika usikifungue wala usikipeleke kwa fundi. Kilete ofisini haraka pamoja na risiti. Ukikaa nacho miezi bila kusema, sheria itahesabu umekipokea.

4. Chama kifungue daftari la bidhaa mbovu: kitu gani, duka gani, siku gani, bei gani.

5. Kila mwisho wa mwezi watu wawili waende mjini na vitu vyote kwa nauli moja ya chama. Duka likikataa, waende siku hiyo hiyo kwa Afisa Biashara wa halmashauri, na malalamiko yaandikwe kwenda Tume ya Ushindani. Kitu kikionekana hakina kiwango au ni cha hatari, TBS nao waarifiwe.

6. Duka litakalokataa mara mbili lisomwe jina lake mkutanoni, na chama kisinunue tena hapo hata msumari.

Na sisi tuwe wa kweli. Redio iliyoangushwa na mtoto isipelekwe mjini kwa kisingizio cha ubovu. Nguo isiyokupendeza ulipofika nyumbani, sheria haimlazimishi mtu kuirudisha. Tukidanganya mara moja tu, daftari letu litakuwa karatasi ya kufungia karanga. Wako pia wenye maduka waaminifu wanaobadilisha kitu bila maneno. Hao tuwapelekee hela zetu zote.

Ndugu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilichokwisha kujitembeza mpaka kijijini kwetu, tukitembeze kirudi kilikotoka, na hela yetu ije.

Mkutano ni mkutano. Usibaki nyumbani na taa mbovu.

Kamati ya Ubao