Maji ya Meru: kwa nini chujio moja linahitaji wataalamu wengi

Sisi tunaoishi kuzunguka Mlima Meru tunalijua tatizo hili kwa kutazama meno ya watoto wetu. Ile rangi ya kahawia huletwa na madini ya floraidi, ambayo maji huyabeba yanapopita kwenye miamba ya volkano. Mtu akiyanywa kwa wingi kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki.

Njia mojawapo ya kuyachuja ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa isipoungua vizuri, maji hunuka. Ikiungua kupita kiasi, hainasi floraidi sawasawa. Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa malighafi. Lakini peke yake hatoshi. Mtaalamu wa miamba ndiye anayejua kisima kipi kina madini gani, daktari anajua madhara, mhandisi anajenga tangi, na mchumi anapiga hesabu kama familia itamudu bei.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, imeweka masomo ya malighafi, nishati, maji na mazingira katika skuli moja. Mhadhiri wake, Dk. Askwar Hilonga, aliunganisha chujio la mchanga na teknolojia ya nano, akatengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na maji ya eneo husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwa mtazamo wetu, kazi ngumu huanza baada ya tuzo. Mkaa ukishiba floraidi, maji yanatoka maangavu vilevile, na mnywaji hawezi kutambua. Anayepaswa kupima na kubadilisha mkaa ni fundi wa kijijini, si msomi wa uzamivu. Kwa hiyo tunashauri utafiti wa chujio usihesabiwe umekamilika hadi fundi huyo afundishwe na chujio lifuatiliwe kijijini walau mwaka mzima.

Kama kijiji chenu kina chujio la floraidi, iulizeni jumuiya ya watumia maji maswali mawili: maji yalipimwa lini, na mkaa ulibadilishwa lini?