Mitumba ya Kipimo: Nani Kasema Makala ya Kiswahili Haina Alama?



Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, chai iko mezani inapoa, na saa hizi kwa kawaida ningekuwa nimeshalala. Usingizi umekataa. Jana mdogo wangu kaniandikia kutoka nyumbani, ni mhadhiri msaidizi wa sosholojia katika chuo ambacho sitakitaja, ananiambia kamati ya kupandisha vyeo imemrudishia makala yake. Si kwamba ina makosa. Eti jarida alilochapisha "halina kipimo cha athari". Nikamuuliza, kuna mjumbe aliyeisoma? Akajibu: "Dada, wamesoma jina la jarida."

Sasa nataka tuzungumze hili jambo waziwazi, kwa sababu mimi nesi, na kama kuna watu duniani wanaojua kazi ya kipimo na mipaka ya kipimo, ni manesi.

Kwanza makala yenyewe. Huyu bwana mdogo alikaa miezi vijijini akihoji akina mama: kwa nini mtu anaipita zahanati iliyo mlangoni kwake, anapanda bodaboda akiwa na uchungu, anakwenda kujifungulia mbali? Alihoji kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiswahili, ikatoka katika jarida la nyumbani. Nilimwomba nakala nikaisoma ndani ya basi nikienda kazini, nikapitiliza kituo. Wale mama hawakuzungumzia dawa wala umbali. Walizungumzia lugha. Walisema nani aliwafokea, nani aliwaita kwa jina la kijiji mbele ya watu, nani aliwaambia wasukume kimya. Mganga mkunga wa zahanati mojawapo aliisoma, akaibandika ukutani kwenye chumba cha wauguzi. Hiyo ndiyo makala isiyo na athari!

Hiki kipimo kinachotajwa kwa unyenyekevu kama vile kimeshuka kutoka mbinguni ni hesabu ya kugawanya tu. Unachukua mwaka, tuseme 2024. Unahesabu ni mara ngapi mwaka huo watu walinukuu makala ambazo jarida lilichapisha 2022 na 2023. Unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida likiwa limetoa makala 80 kwa miaka hiyo miwili na zikanukuliwa mara 240, kipimo chake ni 3. Basi. Ila inawezekana makala moja peke yake ilinukuliwa mara 150, na zile 79 zilizobaki zikagawana 90. Zote 79 zitatembea kifua mbele zikiitwa makala za jarida la 3.

Wodini kwangu kuna chumba cha vitanda 6. Watu watano wakiwa na joto la 36.5 na mmoja ana 40, wastani wa chumba ni 37.1. Nikimwambia daktari "chumba kizima ni salama, wastani ni 37.1", nitafikishwa mbele ya baraza la wauguzi na nitastahili. Lakini profesa akifanya hivyo hivyo kwa makala za watu anaitwa mwenye viwango. Per Seglen alishaonyesha katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1997 kwamba asilimia 15 ya makala ndizo zinazobeba nusu ya nukuu zote. Karibu miaka 30 sasa! Na bado tunapimana kwa joto la chumba.

Na aliyekianzisha hakukusudia haya. Eugene Garfield, wa Philadelphia, alikitengeneza na mwenzake miaka ya 1960 ili kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa yake ya nukuu. Baadaye wakutubi wakakitumia kuamua wanunue jarida gani. Ni kifaa cha mnunuzi. Garfield mwenyewe, mpaka anafariki 2017, alikuwa ameshaandika zaidi ya mara moja kutahadharisha watu wasikitumie kumpima mtu mmojammoja. Leo kinamilikiwa na kampuni ya Clarivate, na kampuni ni kampuni, ipo sokoni kama wengine.

Tukija kwenye sosholojia yenyewe ndiyo kichekesho. Miaka miwili! Sosholojia si habari ya virusi vipya ambayo kila maabara inaikimbilia. Kitabu au makala ya sosholojia inakaa, inasomwa, inabishaniwa darasani, mtu anaibeba kwenda kijijini, anarudi baada ya miaka mitano ndipo anaandika. Chukueni mfano mmoja ambao kila mmoja wetu huku anauishi bila kujua. Mwaka 1973 jarida la sosholojia la Chicago, American Journal of Sociology, ambalo lipo tangu 1895, lilichapisha makala ya Mark Granovetter juu ya nguvu ya mahusiano dhaifu. Alihoji watu wa Newton, Massachusetts, walivyopata kazi. Kati ya waliopata kwa kuambiwa na mtu, asilimia 16.7 tu waliambiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara nyingi. Asilimia 55.6 ni mtu wa kuonana mara mojamoja, na 27.8 ni mtu wa nadra kabisa. Yaani ndugu na rafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya inaletwa na mtu wa mbali.

Si ndivyo tulivyofika? Mimi nilipokuwa bado nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia watu, nikisubiri mtihani wa Kiingereza na usajili, aliyenidokeza kwamba hospitali fulani inachukua manesi kutoka nje hakuwa shangazi yangu niliyekuwa nalala sebuleni kwake. Alikuwa mama mmoja niliyemwona mara mbili tu, ya pili kwenye msiba Reading, tukiosha masufuria. Nilipokuja kusoma Granovetter chuoni nilicheka peke yangu maktaba.

Sasa sikilizeni. Makala hiyo, ambayo leo ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika historia ya fani nzima, ilikataliwa kwanza mwaka 1969 na jarida jingine kubwa la Marekani. Na ilipochapishwa, kwa hesabu ya miaka miwili, nukuu ambazo zingelihesabiwa jarida ni za 1974 na 1975 tu. Maelfu kwa maelfu yaliyofuata, miaka hamsini ya watu kuisoma, kwa kipimo hiki ni sifuri. Kipimo kinachoshindwa kuona makala kubwa kuliko zote ndani ya jarida kubwa kuliko karibu yote, ndicho tunachotaka kionee makala ya zahanati zetu?

Kuna wenzetu huku, mnajijua, mmebeba maboksi miaka kumi kisha mkapata digrii, hongereni, lakini kila kukicha mnabandika orodha: angalieni, majarida mia ya kwanza ya sosholojia, la kwetu halimo hata moja, wasomi wetu wamelala, wanakula posho tu. Hivi mmewahi kujiuliza wanaonukuu ni akina nani? Nukuu ni watu. Mtafiti wa Ohio ananukuu alichosoma Ohio. Mwaka 2022 watafiti wawili walichapisha uchambuzi wa makala zaidi ya nusu milioni za sayansi za jamii, wakakuta kwamba makala juu ya nchi zetu hutaja nchi kwenye kichwa cha habari mara nyingi zaidi kuliko makala juu ya nchi tajiri. Maana yake ukiandika juu ya familia za Marekani, umeandika juu ya "familia". Ukiandika juu ya familia za Tabora, umeandika juu ya Tabora. Nani wa Ohio atainukuu Tabora kama yeye anadhani haimhusu? Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki 2024, alilisema hili siku nyingi: tunatoa malighafi ya elimu, tunaipeleka nje, tunarudishiwa ikiwa imesindikwa. Kama pamba tu.

Na hata hiyo michezo ya namba isiwatishe. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Wilhite na Fong, walioulizia wasomi wa uchumi, sosholojia, saikolojia na biashara. Majibu yalizidi 6,600, na karibu mmoja kati ya watano alisema mhariri alishamshinikiza aongeze nukuu za jarida lenyewe, bila kumwambia pengo la makala yake liko wapi. Ni sawa na nesi kuandika mapigo ya moyo ya mgonjwa bila kumshika mkono.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kila cha nyumbani ni dhahabu. Majarida yetu yana ugonjwa wake na nesi hafichi ugonjwa. Toleo lenye tarehe ya 2022 linatoka 2024, hivyo kipimo cha miaka miwili kinalikuta limeshavishwa sanda. Tovuti inafunguka leo, kesho haipo, ingawa AJOL imekuwepo tangu 1998 kwa ajili hiyo hiyo ya kuyapandisha mtandaoni. Tena baya zaidi, hatunukuani. Msomi wa Dar anaandika juu ya Dar, ukurasa wa mwisho umejaa majina ya ng'ambo, wa ofisi ya jirani hayumo. Hilo hakutufanyia Mzungu yeyote.

Na najua mtakachoniambia: dada, bila namba watu watapandishwa vyeo kwa kujuana, angalau namba haina mjomba. Hoja hii naiheshimu. Nimeona mwenyewe mjomba anavyofanya kazi. Lakini mjumbe wa kamati anayekwepa kusoma makala kwa kutazama namba ya jarida hajaondoa mjomba, amehamisha tu mjomba akakae kwa wachapishaji wa Ulaya. Dawa ni kusoma. Makala tatu za mwombaji, wasomaji wanne, wawili wa nje ya chuo, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa jina lake aseme ameona nini. Ni kazi ya wiki moja.

Tena mjue kwamba hapa Uingereza, vyuo vilipopimwa katika tathmini ya kitaifa ya utafiti ya 2021, kanuni ilikuwa wazi: majopo hayatumii kipimo cha athari cha majarida. Wakasoma kazi. Tamko la San Francisco lililozaliwa Desemba 2012 linasema hivyo hivyo, usimpime mtafiti kwa namba ya jarida. Sitawadanganya, kwenye korido bado watu wananong'onezana namba. Lakini rasmi wameshaivua. Na sisi tumeipokea bandarini kama mitumba mingine, tumeifua, tumeipiga pasi, tunaivaa kwenye kikao cha seneti.

Kinachoniuma zaidi ni hii lugha. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kuwa Julai 7 ni siku ya Kiswahili duniani. Kila mwaka tunavaa vitenge, viongozi wanahutubia, ngoma inapigwa. Julai 8 kamati inakaa inamwambia kijana kwamba makala yake ya Kiswahili haihesabiki. Marehemu Profesa Chachage Seithy Chachage, mwanasosholojia wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetutoka 2006, angeweza kuishia kwenye majarida ya Kiingereza, na huko aliandika sana. Lakini alipotaka Watanzania waelewe soko huria linawafanya nini, pamoja na ule mradi wa kufuga kambamiti kwenye delta ya Rufiji, aliandika riwaya kwa Kiswahili, Makuadi wa Soko Huria, 2002. Riwaya! Leo kamati ingempa alama ngapi?

Mdogo wangu ameamua. Anaitafsiri ile makala kwa Kiingereza, anaipeleka jarida la nje lenye namba. Simlaumu, ana mke na mtoto na mshahara wa mhadhiri msaidizi. Ameshaondoa sehemu ya mama aliyeitwa kwa jina la kijiji, kwa sababu ameshauriwa kwamba msomaji wa nje haitamwingia, na mahali pake ameweka nadharia kurasa nne. Ikikubaliwa itafungwa, atakayetaka kuisoma alipie kwa dola. Yule mkunga wa zahanati hataiona. Ameniomba nimsahihishie Kiingereza kabla ya Ijumaa, na nitamsahihishia, ila nimemwambia sharti langu ni moja: yule mama arudi kwenye ukurasa wa kwanza.

Wajumbe wa kamati za vyuo, najua wengine wenu mnapita hapa kimyakimya. Jitokezeni mtujibu: ni makala ngapi mlizisoma mwaka huu?

Naomba kuwasilisha.