Bustani za Mji na Maji Yasiyotiwa Dawa

Kiangazi kikali kinapofika, aghalabu utamwona mtumishi wa mji akinyweshea nyasi za bustani kwa mpira, ilhali katika mitaa ya mlimani akina mama wamepanga ndoo wakingoja bomba lilie. Maji ni yale yale: yamechujwa, yametiwa klorini, yamesukumwa kwa mashine, na gharama yake imelipwa na wananchi. Nyasi hazikuomba klorini.

Hebu tufanye hesabu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zikihitaji milimita 5 kwa siku, hekta 1 hunywa lita 50,000. Nyumba ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 50, humaliza lita 250. Basi hekta hiyo moja imekunywa maji ya nyumba 200!

Kutenga maji ya bustani si jambo geni. Mwaka 1802 Napoleon Bonaparte aliamuru mfereji uchimbwe ili kuuleta mto Ourcq hadi Paris, na katikati ya karne hiyo mhandisi Eugène Belgrand akatandaza mabomba ya namna mbili, ya maji ya kunywa na ya maji yasiyo ya kunywa. Hadi leo mji ule hunyweshea bustani na kuosha njia zake kwa maji ya namna ya pili.

Mji mdogo hauhitaji makuu hayo. Wahitaji kijito, kibali cha bodi ya maji ya bonde, chujio, tangi na bomba la kuteremkia. Kijito kipimwe mwisho wa kiangazi, wala si wakati wa masika, maana masika kila kijito ni tajiri. Tangi likiwa mita 20 juu ya bustani, uzito wa maji wenyewe hutoa mkandamizo wa kama kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, na mashine haina kazi.

Lakini bustani ina watoto, na hapo ndipo penye shaka yangu kubwa. Maji yakitulia saa 48 katika tangi lisilo na konokono, viluwiluwi vya kichocho hufa. Vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu havina ahadi hiyo. Kwa hiyo koki zote zifichwe ndani ya visanduku vyenye kufuli, na kunyweshea kufanywe alfajiri, kabla watoto hawajafika. Mabomba ya namna mbili yasiunganishwe kamwe, hata kwa koki iliyofungwa. Siku ya mgao, bomba la maji safi likiwa tupu, huvuta uchafu kutoka kwa jirani yake. Huko California mabomba ya maji yaliyosafishwa upya kwa ajili ya bustani hupewa rangi ya zambarau ili fundi asikosee. Nasi tuchague rangi yetu, na kibao kiwe na picha, kwani mtoto wa miaka 4 hajui kusoma.

Tena, langoni pa bustani pawekwe bomba moja la maji safi, la kimo cha mtoto. Aliyecheza mpira juani atakunywa maji yoyote atakayoyakuta.