Safina ya Sentimita 60

Mimi na watoto wa Sande Skuli tunaunda safina ya Nuhu kwa mti mkavu wa mkonge. Mwanzo 6:15 inatoa vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Kila dhiraa 5 tukaifanya sentimita 1, ikawa 60 kwa 10 kwa 6.

Ya kwanza niliiharibu mimi. Niliipachika tanga na usukani kama jahazi la Lamu. Mtoto mmoja akauliza, "Pasta, hivyo vimeandikwa wapi?" Nikasoma tena. Havipo! Na nimeihubiri miaka mingi.

Wazazi mnaosema tunapoteza muda, kwa heshima, nakataa. Jumamosi tunapaka lami, ndani na nje. Waje na nguo kuukuu.