Listi ya mishahara inapita wizara tatu, na haina mwenyewe

Mwezi Januari 2023, Inspeksheni Kuu ya Fedha (IGF) ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya listi ya mishahara ya serikali. Watu 145 604 walikuwa wakilipwa kwa namba za matrikule zisizo sahihi, za uongo ao za kutengenezwa. Wengine 53 328 walikuwa wakitumia namba moja na mtu mwingine, mmoja ao zaidi.

Watu wengi waliomba wezi wakamatwe, na walikuwa na haki. Lakini mwizi akitoka na mlango ukibaki wazi, mwingine ataingia. Namba ya matrikule inatolewa na wizara ya watumishi wa serikali. Listi ya malipo inatengenezwa kwenye wizara ya bajeti. Makuta yanatoka kwenye wizara ya fedha, yanapita Banki Kuu, ndipo yanafika kwenye banki za biashara. Walimu wana ofisi yao ya pembeni, zamani SECOPE, leo DINACOPE. Mwalimu akifariki Kongolo, direkta wa shule anajua siku hiyohiyo. Mshahara wa marehemu unaweza kuendelea kutoka Kinshasa miezi mingi, kwa sababu kila ofisi itasema kumfuta ni kazi ya ile nyingine.

Tangu 2011 serikali ilianza kulipa watumishi kupitia banki. Ilikuwa hatua nzuri: watu waliacha kungojea mhasibu aje na mfuko wa makuta, sehemu yake amekwisha kuikata njiani. Lakini jina la uongo likiingizwa juu, kompyuta inalituma kila mwezi bila kuchoka.

Wenye kuumia ni wale walimu wanaoitwa N.U., wanaofundisha lakini hawajaingia kwenye listi. Zamani walikula kwa mchango wa wazazi. Septemba 2019 masomo ya msingi yakawa ya bure kwenye shule za serikali, mchango ukakatazwa, na wengi wao wakabaki mikono mitupu. Mtu yuko darasani hana mshahara, na kuna mshahara wenye jina lisilo na mtu.

Kila mara dawa inayopendekezwa ni kuhesabu upya, programu mpya, alama za vidole. (Nchi yenyewe haijahesabu wakaaji wake tangu 1984.) Hesabu bila msimamizi inaanza kuharibika kesho yake asubuhi. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, waziri mkuu angetaja ofisi moja, na mtu mmoja ndani yake, mwenye kutia sahihi kila mwezi: nani ameingia, kwa ruhusa ya nani, nani ametoka. Na kila mkono unaogusa faili uache jina lake humo.

Kisha listi ya kila shule ibandikwe kwenye mlango wa shule, majina tu, bila namba za konti, maana sheria ya mambo ya digitali ya Machi 2023 inalinda habari za watu. Wazazi hawahitaji programu kujua nani anafundisha watoto wao. Ugumu utatokea Kinshasa, kati ya wizara hizo tatu, siku mbili kati yazo zitakapoombwa kuachilia listi.